Maswali ya Wasomaji: Kituo cha Data, Mtandao na Kazi Isiyosimama

Barua nyingi za safari hii zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinalalamikia jambo moja: kampuni za kompyuta na mtandao huleta mikataba iliyojaa maneno asiyoyaelewa mtu anayetakiwa kutia sahihi, ilhali siku mambo yakiharibika ni yeye atakayeulizwa. Tumechagua barua sita. Baadhi tumezijibu kwa urefu na nyingine kwa maneno machache, kwa kadiri ya uzito wa jambo lenyewe.

Assalaam alaykum, Bwana Mhariri. Mimi ni karani wa chama cha ushirika cha wavuvi, Mokowe. Tumeshauriwa hesabu za wanachama zitolewe katika kompyuta ya ofisi, zipelekwe "kituo cha data cha daraja la tatu" Nairobi. Kituo hicho ni kitu gani hasa, na daraja lake hupimwaje? Wazee wetu wanasema ni bora hesabu zikae karibu tuzione.

Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Kituo cha data ni jengo lililojengwa kwa kazi moja tu, nayo ni kuziweka seva, yaani zile kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, zikifanya kazi usiku na mchana bila kuzimika. Ndani yake mna safu za makabati ya chuma yenye seva, mitambo ya kupoza hewa, vyumba vya betri, jenereta zenye matangi ya mafuta, vifaa vya kuzima moto kwa gesi badala ya maji, na nyaya za faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha mawasiliano kwa mwanga, zinazoingia kutoka pande zaidi ya moja. Kile kinachoitwa "wingu" hakiko hewani. Ni seva za majengo ya namna hii, ambazo mteja hukodishiwa sehemu yake.

Madaraja yanayotajwa sana hutolewa na Uptime Institute ya Marekani, nayo ni manne. Kituo cha daraja la kwanza kina njia moja ya umeme na ya ubaridi, na cha pili kimeongezewa vifaa vya akiba. Cha tatu kimepangwa ili kifaa chochote kiweze kuzimwa na kufanyiwa matengenezo huku seva zikiendelea na kazi, na cha nne hustahimili hata kifaa kikiharibika ghafla bila mtu kutarajia. Huenda pia ukaona katika mkataba herufi N+1 na 2N. Ikiwa ubaridi wa jengo unahitaji mashine nne, basi N ni nne. N+1 ni mashine tano, na 2N ni nane, yaani seti mbili kamili, kila moja ikiweza kubeba kazi yote peke yake.

Waulize wanaowashauri swali hili: je, cheti chenu ni cha michoro au ni cha jengo lililokwisha kujengwa? Taasisi hiyo hutoa vyeti tofauti kwa kila kimoja, na majina ya vituo vyenye vyeti huonekana katika tovuti yake. Kituo kinachojiita cha daraja la tatu bila cheti kinajisifu tu.

Ama wazee wenu, nao wana hoja, wala wasipuuzwe. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na ukaharibu sehemu ya jengo la jirani. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi kazini. Baadhi ya wale ambao nakala zao zilihifadhiwa papo hapo hawakuzipata tena. Pelekeni hesabu Nairobi, kwa sababu kompyuta moja ya ofisini, penye hewa ya chumvi na umeme wa kupanda na kushuka, ni hatari kubwa zaidi. Lakini chama kibaki na nakala yake kamili Mokowe, iliyofungwa kwa nywila, inayofanywa upya kila wiki, nanyi muwe na uwezo wa kuifungua bila kuiomba kampuni ruhusa.

Nina duka la huduma za mtandao na uchapishaji, Langoni, Lamu. Nimejiunga na kampuni mbili tofauti ili moja ikikatika nyingine ibaki. Ajabu ni kwamba hukatika zote kwa pamoja. Je, nimedanganywa?

Yumkini hukudanganywa. Umenunua risiti mbili, ila huenda njia ni moja. Kampuni za mtandao hukodishiana nyaya na minara, na kwa mji ulio kisiwani kama Lamu, mawasiliano hufika kwanza bara, kisha hufuata ukanda ule ule wa Mokowe, Witu na Garsen kabla ya kufika miji mikubwa. Trekta la kutengeneza barabara likichimba mahali pabaya, kampuni zote zilizopitisha huduma katika waya huo hunyamaza kwa wakati mmoja. Mahali pa namna hiyo, ambapo kitu kimoja kikiharibika vyote husimama, ndipo mafundi wanapoita nukta moja ya hitilafu, na kazi yote ya kupanga mtandao imara ni kuzitafuta nukta hizo na kuzipunguza.

Baharini mambo ni yayo hayo kwa kipimo kikubwa zaidi. Mikongo inayotuunganisha na dunia, ikiwemo SEACOM na TEAMS iliyoanza kazi 2009 na EASSy ya 2010, hutua Mombasa. Mnamo Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaukata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukazorota kuanzia Kenya hadi Tanzania na kwingineko. Palikuwa na mikongo miwili yenye wenyewe wawili, lakini ilipita sehemu moja ya bahari.

Kwa hiyo usiiulize kampuni kama ina laini ya akiba. Iulize laini hiyo inapita wapi kutoka dukani kwako hadi Mombasa, na ni wapi inapokutana na ile nyingine, na uombe jibu kwa maandishi. Modemu ya simu yenye laini ya kampuni ya tatu haitakufaa ikiwa mnara wake nao unalishwa na faiba ile ile. Kwa Lamu, njia iliyo tofauti kwa hakika ni setilaiti. Za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo ombi na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde hata mitambo ikiwa mizuri namna gani. Kucheleweshwa huko ndiko kunakofanya mazungumzo ya sauti yagongane. Setilaiti za chini, kama za Starlink iliyofunguliwa Kenya Julai 2023, ziko kilomita 550 hivi kutoka ardhini, na kuchelewa kwake ni kudogo mno. Ruta, yaani kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zako na mtandao wa nje, ikiwa na milango miwili ya kupokea mtandao itahama yenyewe kutoka njia moja kwenda nyingine. Usingoje ajali ili ujue kama inahama: chomoa waya wa kwanza siku ya kawaida, saa za kazi, uangalie wateja wanakaa kwa muda gani kabla mtandao haujarudi.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa wengi huulizia. Mkongo wa baharini ukikatika, baadhi ya huduma huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu seva zake ziko humu nchini na kampuni zetu hubadilishana mawasiliano hapa hapa, katika kituo cha Nairobi kiitwacho KIXP. Kituo hicho kilifungwa kwa amri ya msimamizi wa mawasiliano muda mfupi baada ya kuanzishwa, kikafunguliwa tena 2002, na manufaa yake tunayaona hadi leo. Unaponunua huduma yoyote ya kuendeshea duka, uliza seva zake ziko nchi gani.

Mimi ni meneja wa hoteli ndogo upande wa Casuarina, Malindi. Kampuni itakayotuwekea mfumo wa kupokea wageni imeleta mkataba unaosema: upatikanaji asilimia 99.9, RTO saa 8, RPO saa 24, nakala rudufu kila usiku. Mwenye hoteli anataka nimweleze kabla ya kutia sahihi.

Bwana Meneja, tuanze na hiyo asilimia, kwa kuwa ndiyo inayopendeza macho kuliko yote. Mwaka una saa 8,760. Asilimia 99.9 maana yake ni kwamba mfumo waweza kuzimika kwa saa 8 na dakika 46 kwa mwaka na kampuni isiwe imevunja ahadi. Asilimia 99 ingeruhusu zaidi ya siku tatu na nusu, na 99.99 ingeruhusu chini ya saa moja. Sasa angalieni maandishi madogo. Je, hesabu hufanywa kwa mwezi au kwa mwaka? Je, matengenezo yaliyotangazwa mapema huhesabiwa? Na wakishindwa, fidia ni nini? Aghalabu fidia ni kupunguziwa ada ya mwezi unaofuata, ambayo haikaribii hata kidogo thamani ya vyumba mlivyokosa kuvikodisha.

RTO ni muda ambao kampuni imeahidi kuurudisha mfumo, kuanzia unapoanguka hadi watu wako waweze kuutumia tena. RPO hutazama nyuma: ni kiasi cha kazi iliyokwisha kuingizwa, kikipimwa kwa saa, ambacho mmekubali kukipoteza. Watu wengi huyachanganya haya mawili, na hapo ndipo hasara inapoingilia.

Chukua Jumamosi moja ya Agosti, msimu wa wageni kutoka Italia. Nakala ilifanywa saa sita usiku, na seva ikaharibika saa kumi na moja jioni. Kampuni ikahangaika, na kufikia saa saba usiku mfumo ukawa umerudi. Kwa mujibu wa mkataba huo imefanya kazi yake barabara, maana haikuzidisha saa 8 wala haikupoteza kazi ya zaidi ya saa 24. Lakini kila kilichoingizwa tangu usiku wa manane hadi jioni, yaani saa 17, hakipo: malipo ya awali ya wageni wa wiki ijayo, hesabu za chakula na vinywaji, chumba kilichobadilishwa kwa sababu kiyoyozi kilikufa. Na wageni waliotua jioni ile wamesimama mbele ya meza ya mapokezi, na hakuna ajuaye nani amepewa chumba kipi.

Basi tarakimu hizi zisiletwe na muuzaji, zitoke kwenu. Keti na mapokezi, uhasibu na jikoni, umuulize kila mmoja: bila mfumo utajimudu hadi lini, na ukipoteza maandishi ya saa ngapi utashindwa kuyarudisha? Zoezi hili huitwa tathmini ya athari, na linatosha asubuhi moja. Mapokezi huenda wakajimudu kwa saa moja kwa orodha iliyochapishwa, uhasibu kwa siku mbili, na mishahara haina haraka hadi mwisho wa mwezi. Kila sehemu ipewe kipimo chake, kwa sababu kudai dakika 15 kwa kila kitu ni gharama kubwa isiyo na faida, na kukubali saa 24 kwa orodha ya wageni ni kujitafutia aibu. Kwa hoteli yenu ningedai RPO ya dakika 15 kwa uhifadhi wa vyumba na malipo, na mengine yabaki kama yalivyo.

Sasa nakala rudufu, na hapa naomba mnivumilie. Kanuni inayokubalika ni kuwa na nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa nje ya jengo. Nakala iliyomo ndani ya kompyuta ile ile si akiba. Diski mbili zinazoandika kwa pamoja huokoa diski moja ikifa, lakini mfanyakazi akifuta faili kwa bahati mbaya, hufutika kwenye zote mbili papo hapo. Vivyo hivyo na folda zinazojilinganisha na wingu. Isitoshe, wale wahalifu wanaofunga mafaili kwa siri na kudai fidia hufunga kila diski wanayoikuta imeunganishwa, kwa hiyo nakala mojawapo lazima ikae imechomolewa, au mahali isipoweza kubadilishwa na mtu yeyote kwa muda uliowekwa.

Hata hayo yote hayatoshi nakala isipojaribiwa. Najua ofisi moja iliyokuwa na diski ya nje ndani ya mtoto wa meza, imefungwa kwa mpira, na juu yake karatasi yenye tarehe ya kila Ijumaa kwa mwandiko mzuri. Siku ilipohitajika ilikutwa imejaa tangu miezi mingi nyuma, na programu ilikuwa imeacha kunakili. Tarehe ziliendelea kuandikwa kwa kuwa aliyeziandika alichomeka diski, akaona taa yake inawaka, akaamini. Hakuna aliyefanya ubaya wowote pale, na kila aliyehusika alidhani analinda mali ya ofisi.

Kwa hiyo andikeni katika mkataba kwamba kila baada ya miezi mitatu kampuni itarejesha data zenu kutoka kwenye nakala, katika kompyuta nyingine, mbele ya mtu wenu, na muda uliotumika uandikwe. Kama urejeshaji wenyewe unachukua saa 11, basi ile RTO ya saa 8 ni maneno matupu hata kabla ya msiba wowote. Na kama fundi wao wa karibu yuko Mombasa, mwombe mwanasheria aongeze kifungu kinachosema saa zinaanza kuhesabiwa mnapopiga simu, si fundi anapowasili.

Ninafundisha shule ya upili, Mpeketoni. Mwanafunzi alichomeka waya mmoja tu katika kisanduku cha maabara, na kompyuta zote, pamoja na ya mwalimu mkuu, zikapoteza mtandao. Je, kisanduku kimeungua? Na swichi na ruta zina tofauti gani?

Mwalimu, sidhani kimeungua. Swichi huunganisha kompyuta za mahali pamoja, nayo hukumbuka ni kompyuta ipi iko kwenye tundu lipi. Ruta huunganisha mtandao wenu na mitandao ya nje, na kwa kawaida ndiyo inayozigawia kompyuta anwani, zile tarakimu zinazoanza na 192.168. Kompyuta inapotaka kuwauliza wenzake wote jambo, swichi hulituma swali hilo kwenye matundu yote. Sasa, ikiwa ncha zote mbili za waya zimechomekwa kwenye swichi hiyo hiyo, swali hutoka kwa tundu moja, huingia kwa jingine, hutumwa tena kwa wote, na huzunguka hivyo bila kikomo hadi mtandao usibaki na nafasi ya jambo lingine. Taa zote za swichi humeta kwa kasi na kwa pamoja. Hiyo ndiyo dalili ya kutazama. Chomoeni waya wa mwisho kuchomekwa, na mtandao utarudi ndani ya muda mfupi.

Tiba ya kudumu ipo, na imekuwepo tangu 1985, mhandisi Radia Perlman alipobuni kanuni inayoziwezesha swichi kugundua mzunguko na kuufunga. Swichi za bei rahisi hazina kanuni hiyo, na zile zinazodhibitiwa, yaani ambazo fundi aweza kuzipangia namna ya kufanya kazi, huwa nayo ila yafaa mhakikishe imewashwa. Tenganisheni pia maabara na ofisi, ama kwa swichi mbili na milango tofauti ya ruta, ama kwa kuigawa swichi moja inayodhibitiwa, ili makosa ya wanafunzi, ambao wako pale kujifunza na wana haki ya kukosea, yasisimamishe kazi ya ofisi. Na mnapovuta waya wa shaba kwenda darasa jingine, msizidishe mita 100.

Nina nyumba ya wageni Shela, Lamu. Nina jenereta. Je, nahitaji tena UPS?

Naam, Bi, unahitaji, kwa kuwa kila kimoja kina kazi yake. UPS ni sanduku la betri linaloshika umeme papo hapo kwa dakika chache; jenereta hushika kwa saa nyingi, lakini huchukua muda kuwaka, na pengo hilo la sekunde kadhaa latosha kuizima ruta na kuharibu faili lililo wazi. Betri za madini ya risasi hutaka ubaridi: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 juu ya nyuzi joto 25 hupunguza umri wake kwa nusu, kwa hiyo usiifungie chini ya ngazi pasipo na hewa. Ikiwa kisanduku kimevimba ubavuni, kiondoe siku hiyo hiyo. Na jenereta iwashwe kila wiki ikiwa imebeba mzigo. Umeme ulipokatika karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, jenereta ya sehemu moja ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilikataa kuwaka, na abiria wakakaa gizani.

Mimi ni muuguzi msimamizi wa zahanati karibu na Witu. Tumetakiwa kuandika "mpango wa kuendeleza shughuli", na fundi wetu anasema tayari tunao "mpango wa kufufua mifumo". Je, si kitu kimoja?

La, dada, ni viwili, na tofauti yake inawahusu wagonjwa wako. Kufufua mifumo ni kazi ya fundi: kurudisha seva, data na mtandao. Kuendeleza shughuli ni kazi yenu nyote: kumhudumia mgonjwa huku mifumo ikiwa bado imekufa. Kiwango cha kimataifa cha jambo hili, ISO 22301, kilichotolewa 2012 na kupitiwa upya 2019, huanza na shughuli zenyewe na kuuliza zipi haziwezi kungoja. Kwenu ni kujifungua, chanjo zinazohitaji baridi, na dawa za kila siku.

Mpango wenu usiwe kitabu kinene. Uwe na kurasa chache zilizochapishwa na kubandikwa ukutani, kwa sababu mpango uliomo ndani ya kompyuta hausomeki umeme ukiwa haupo. Uandike nani ana mamlaka ya kutangaza kwamba sasa mnafanya kazi kwa karatasi, na nani anashika nafasi yake akiwa hayupo; namba za simu za wote; mafuta ya jenereta ni ya siku ngapi. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilipoikata barabara ya Garsen kwenda Lamu pale Lango la Simba, mafuta, vipuri na fundi vyote vilikuwa upande wa pili wa maji, kwa hiyo akiba yenu ipimwe kwa barabara iliyofungwa, wala si kwa umeme wa kupotea mchana mmoja.

Fomu za karatasi ziwe na namba za mfululizo na nafasi ya saa, sahihi na namba ya mgonjwa, kwa mpangilio ule ule wa kurasa za mfumo, ili kuziingiza baadaye kusiwe kubahatisha. Mfumo ukirudi, mtu mmoja aingize na mwingine akague, akianza na dawa na vipimo. Fomu zisichomwe wala kutupwa baada ya hapo. Zifungiwe kabatini kwa ufunguo. Majina na maradhi yaliyo juu yake yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 sawa na yaliyomo kwenye seva, na zikiangukia mikononi mwa asiyehusika kwa namna inayoweza kuwadhuru wagonjwa, Kamishna wa Ulinzi wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu mlipojua.